Kuku wa Uani na Makucha ya Mwewe: Kinga, Kisu na Tiba katika Historia ya Pwani ya Afrika Mashariki

Maandishi ya historia ya ufugaji katika Afrika Mashariki yamemtazama ng'ombe kwanza, kisha mbuzi na kondoo, na yanapomfikia kuku huzungumzia zaidi magonjwa ya mlipuko yanayoweza kumaliza kundi zima kwa siku chache. Kuku mmoja aliyenyakuliwa na mwewe akaponyoka, au aliyeng'atwa na kicheche usiku akakutwa hai alfajiri, hajapewa nafasi katika maandishi hayo, ingawa matukio ya namna hiyo yamekuwa sehemu ya maisha ya kila kijiji na kila mtaa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sababu mojawapo ni kwamba shughuli yote ilifanyika uani, yaani katika sehemu ya nyuma ya nyumba ambako wanawake na watoto ndio waliokuwa na usemi, na mambo ya uani hayakuandikwa katika daftari za wafanyabiashara wala ripoti za maofisa. Hata hivyo historia hiyo inaweza kufuatiliwa, kwa kuwa imeacha alama zake katika mifupa ya kale, katika sheria ya dini, katika methali na katika vyombo vya nyumbani. Kinachojitokeza katika alama hizo ni kwamba matunzo ya kuku aliyejeruhiwa hayakuanza na dawa: yalianza na uamuzi uliopaswa kukatwa kwa dakika chache, wa kumchinja au kumtibu, na kila zama imeusogeza uamuzi huo upande mmoja au mwingine.

Kuku si ndege wa asili wa Afrika. Wazazi wake ni kuku-mwitu wekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 umeuhusisha mwanzo wa ufugaji wake na kuenea kwa kilimo cha mpunga na mtama, ukiitaja mifupa ya Ban Non Wat nchini Thailand, ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo, kuwa miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi unaotegemeka. Barani Afrika, mifupa yake imepatikana Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, katika tabaka za milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Katika Pwani ya Waswahili ushahidi ulio imara unaanza karibu na karne ya 7 na ya 8 baada ya Kristo, katika mji wa kale wa Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, na ili kuuthibitisha watafiti walilazimika kupima protini na chembe za urithi zilizobaki katika mifupa, kwa sababu mfupa mdogo wa kuku hufanana mno na wa kanga au kwale. Inafaa kukumbuka kwamba uchunguzi huohuo ulimtambua pia panya mweusi, naye mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, na kwa hiyo kuku na mmoja wa maadui wa vifaranga wake walikuja kuishi katika miji ileile, huenda kwa vyombo vya aina moja.

Karne chache baadaye kuku alikuwa amekwisha kuwa chakula cha heshima. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu karibu mwaka 1331, aliandika kwamba alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na Duarte Barbosa, Mreno aliyeieleza Mombasa mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja kuku wengi walionona. Wageni hao waliona sahani na soko. Kazi ya kuwafikisha kuku hao sokoni wakiwa wazima ilifanywa na watu ambao wageni hawakuwaona.

Kazi hiyo haikuwa ndogo, kwa kuwa kuku aliingia katika nchi iliyojaa wanyama waliozoea kuwinda kanga, kwale na kwarara, na ambao hawakuhitaji kufundishwa kumwinda ndege mwingine mzito asiyeruka mbali. Mchana adui mkubwa alikuwa mwewe, ambaye huzunguka juu ya paa bila kupiga mbawa na kushuka ghafla, akifuatiwa na kipanga, na ardhini nguchiro, yule mnyama mwembamba ambaye huwinda hata nyoka, pamoja na kenge anayependa mayai. Usiku walikuja kicheche, mwenye mistari myeupe mgongoni na harufu kali, kanu na fungo, paka-shume wa mitaani, chatu, na katika majira ya mvua siafu, ambao humvamia kuku anayeatamia na kumla akiwa juu ya mayai yake kwa sababu hataki kuyaacha. Kila adui aliacha jeraha la namna yake, na mfugaji mzoefu aliweza kumtambua kwa kulitazama tu. Makucha ya mwewe huchana ngozi ya mgongo au ya ubavu kwa mikwaruzo mirefu iliyo wazi, ambayo hutisha kuitazama lakini mara nyingi haiingii ndani. Meno ya paka na ya kanu huacha matundu madogo shingoni au chini ya bawa, yaliyofichwa na manyoya, ambayo hayatoki damu nyingi na kwa hiyo hudharauliwa, ilhali ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu zitakazoelezwa baadaye.

Orodha hiyo ya maadui haikubaki vilevile. Katika miaka ya 1890, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Waingereza, kunguru wa Bara Hindi waliletwa mjini ili wasaidie kula takataka zilizolundikana mitaani, na jambo lililodhaniwa kuwa la usafi likageuka kuwa msiba wa ndege wadogo na wa wafugaji. Kunguru huyo, mwenye shingo ya kijivu na akili isiyo ya kawaida, hula mayai na huchukua vifaranga mmoja mmoja, na tofauti na mwewe, ambaye hupita na kuondoka, yeye huishi palepale juu ya mwembe au mkungu, akimtazama mwenye nyumba na kujua saa anayoingia ndani. Kufikia mwaka 1917 kunguru walikuwa wamekwisha kutangazwa kuwa waharibifu na zawadi ikatolewa kwa wanaowaua. Mwaka 1947 walionekana Mombasa, na leo wametapakaa katika miji ya Pwani na kuelekea bara. Kampeni za kuwatega na kuwawekea sumu zimefanywa Zanzibar na katika Pwani ya Kenya, na mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Ni haki kusema wazi kwamba gharama ya uamuzi ule wa miaka ya 1890 imelipwa kwa sehemu kubwa na wanawake wa uani, ambao hawakuulizwa.

Kwa kuwa tiba ilikuwa na mipaka, juhudi kubwa iliwekwa katika kinga. Chombo kilichotumika zaidi ni tenga, kapu kubwa la fito lenye matundu mapana, ambalo lilibeba kuku kwenda sokoni na ambalo, likipinduliwa mdomo chini na kuwekewa jiwe juu, liligeuka kuwa ngome ya kuku mwenye vifaranga wachanga. Usiku kuku waliingizwa katika kizimba, yaani kibanda kidogo cha mbao au udongo kilichofungwa kwa ubao, na katika vijiji vingi vya bara walilala jikoni au katika chumba cha watu, jambo ambalo maofisa wa afya wa baadaye walililaumu bila kuuliza kwa nini linafanyika. Mahali pengine kizimba kiliinuliwa juu ya nguzo, na zama za mabati zilipofika kila nguzo ikavishwa kipande cha bati ili panya na kicheche wateleze wanapojaribu kupanda. Baadhi ya wafugaji nchini Tanzania na Kenya huwapaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi, wakiamini kwamba mwewe hamtambui kifaranga mwenye rangi isiyo ya kuku. Kamba nayo ilikuwa na kazi yake, na methali isemayo kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ambayo leo hutumika kwa watu, imehifadhi desturi halisi ya kumfunga kuku aliyenunuliwa karibuni mpaka azoee nyumba, kwa sababu asiyejua pa kukimbilia ndiye wa kwanza kunyakuliwa.

Walinzi wenyewe walikuwa watoto na kuku wengine. Mtoto aliyeachwa uani alitakiwa kupiga kelele na kurusha kijiti mara kivuli cha mwewe kinapopita, lakini mara nyingi jogoo alimtangulia, na jambo hilo, ambalo kila mfugaji alilijua kwa kusikia, lilithibitishwa katika miaka ya 1980 na 1990 na Peter Marler na wenzake, walioonyesha kwamba jogoo ana mlio mmoja kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini, na kwamba kuku wanaousikia hutenda kulingana nao hata kama hawajamwona adui mwenyewe: kwa mlio wa kwanza hujibanza na kuinama, kwa wa pili husimama wima na kutazama. Pamoja na ulinzi wote huo mwewe alishinda mara nyingi, na methali ya dua la kuku kutompata mwewe isingezaliwa mahali ambapo kinga ilitosha.

Mwewe alipoponyokwa na windo lake, au nguchiro alipofukuzwa akiwa tayari ameng'ata, ndipo ulipofika wakati wa uamuzi, na katika Pwani uamuzi huo ulikuwa na msingi wa kisheria. Aya ya 3 ya Sura ya Al-Maida inawaorodhesha wanyama ambao nyama yao ni haramu, na miongoni mwao yumo aliyeshambuliwa na mnyama mkali, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa huitwa kibudu, na kibudu hakiliwi, hakiuzwi, na huhesabiwa kuwa hasara kamili. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani, walilifafanua jambo hilo kwa dhana ya uhai thabiti: mnyama aliyejeruhiwa huwa halali iwapo wakati wa kuchinjwa bado ana uhai uliotulia ndani yake, si ule mtikisiko wa mwisho wa anayekata roho, na alama za kuutambua ni kutikisika kwa nguvu na damu kuchuruzika anapochinjwa. Maelezo hayo yalifundishwa madrasani kwa Kiarabu na kufasiriwa kwa mdomo, na baadaye Qur'ani yenyewe ilipatikana kwa Kiswahili katika tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy iliyochapishwa mwaka 1969, lakini maana yake ilijulikana uani kabla ya kitabu chochote kuchapishwa. Mtoto wa miaka kumi alijua kwamba kuku aliyelegea shingo ni wa kukimbiziwa kisu sasa hivi, na kwamba akichelewa atatupwa.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Sheria yenyewe haimkatazi mwanamke kuchinja. Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari inamhusu mjakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga karibu na mlima Sal'i mjini Madina, akamwona kondoo anakufa, akamchinja kwa jiwe kali, na Mtume akaruhusu nyama hiyo iliwe. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za Pwani desturi imemwachia mwanamume kisu, na kwa hiyo mwenye kuku, ambaye ni mwanamke, alilazimika kumtuma mtoto kwa jirani, kwa mwenye duka au barazani. Ule muda wa kumngoja mchinjaji ulikuwa pia muda wa kumchunguza kuku: kumshika mbawa, kumgeuza, kuyapuliza manyoya ili ngozi ionekane, kumtazama kama anafumbua macho na kama miguu inashika kidole. Si ajabu kwamba kuku kadhaa waliokusudiwa kisu waliponea hapo, kwa kuwa mchinjaji alipofika alikuta kuku amesimama.

Kisichopaswa kusahaulika ni thamani ya kuku mwenyewe. Jogoo wa ziada aliyejeruhiwa hakuwa na mtetezi. Alikuwa kitoweo kilichowahi. Koo la kuku, yaani jike lililothibitika kutaga, kuatamia na kulea vizuri, lilikuwa mtaji, kwa sababu vifaranga wake wangeuzwa, fedha ikawa mbuzi, na mbuzi baada ya miaka akawa ndama, na ngazi hiyo ndiyo iliyomwezesha mwanamke asiye na shamba la urithi kumiliki kitu chake mwenyewe. Katika jamii kadhaa za bara, Buganda ikiwa mfano unaojulikana sana, wanawake walikatazwa na mila kula kuku na mayai, na ingawa mila hiyo ilikuwa na uonevu ndani yake, ilimaanisha pia kwamba kuku aliyejeruhiwa hakuwa kitoweo cha mama mwenye nyumba. Kuchi nao, kuku warefu wa Zanzibar na Pwani wanaosifiwa kwa kupigana, walikuwa na hadhi ya pekee, na wenye kuwafuga walipata mazoezi ya kutibu majeraha kuliko mfugaji wa kawaida, kwa kuwa jogoo wa mapambano hujeruhiwa kichwani na kifuani mara kwa mara na bei yake haikuruhusu achinjwe kwa kila mchubuko.

Aliyeamuliwa kutibiwa alitibiwa kwa vitu vilivyokuwa karibu. Jeraha lilisafishwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, manyoya ya pembeni yakang'olewa au kukatwa ili yasigande na damu, na ngozi iliyochanika pana ikashonwa kwa sindano na uzi wa nguo. Kifuko cha kuhifadhia chakula kilichoko chini ya shingo kilipotobolewa, nafaka zilionekana zikidondoka kupitia kifuani kila kuku anapodonoa, na hapo mshonaji alijua kwamba ashone mara mbili, ngozi ya kifuko kwanza na ya nje baadaye, kazi inayohitaji mikono miwili ya kushika na miwili ya kushona. Mguu uliovunjika ulifungwa banzi, yaani vijiti vyembamba vya kuunyoosha mfupa, na kwa kuwa mifupa ya ndege huunga upesi, wiki tatu hivi zilitosha kuku asimame tena, ingawa kwa kuchechemea.

Miongoni mwa dawa za mimea, mshubiri ulichukua nafasi ya kwanza. Jani lake lina vitu viwili ambavyo watumiaji wameweza kuvitenganisha kwa muda mrefu: utomvu wa njano ulio chini ya ganda, mchungu sana na wenye kuharisha, na ute mwangavu wa katikati, ambao ndio unaopakwa juu ya jeraha. Watafiti wa tiba za jadi za mifugo nchini Tanzania na Kenya wamekuta mshubiri ukiwekwa pia katika maji ya kunywa ya kuku wagonjwa, pamoja na pilipili na majani ya mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kuzoea Pwani kana kwamba ni wa hapo. Manjano, kiungo cha jikoni kilichokuja kwa njia hizohizo za bahari, yalipakwa yakiwa yamesagwa. Majivu yalikausha damu lakini yalificha uchafu, na mafuta ya taa, yaliyoingia katika matumizi ya uani baada ya taa za chemni kuenea, yalileta madhara zaidi ya faida, kwa kuwa yanaunguza ngozi nyembamba ya ndege na kuku humeza anapojisafisha manyoya kwa mdomo. Hapana sababu ya kuzisifu tiba zote za kale kwa kuwa ni za kale. Zilikuwamo zilizoponya na zilizoua.

Serikali za kikoloni hazikuongeza kitu kikubwa katika mambo hayo. Idara za mifugo zilizaliwa katika kivuli cha sotoka, maradhi yaliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na kwa miongo mingi bwana mifugo alikuwa mtu wa ng'ombe. Kuku aliingia katika ripoti kwa sababu ya kideri, kiitwacho pia mdondo, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu wakati uleule katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na ambao uliripotiwa Mombasa mwaka 1935. Kideri kinapoingia kijijini kinaweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa, na mbele ya hasara ya namna hiyo jeraha la kuku mmoja lilionekana kuwa dogo mno kumsafirisha mtaalamu. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi na ya kusikitisha: nauli ya bwana mifugo ilizidi bei ya kuku.

Maarifa yaliyobadilisha mambo yalitoka mbali, na mwanzo wake, kwa sadfa, ulikuwa kwa kuku. Katika miaka ya 1879 na 1880 Louis Pasteur, akitumia vijidudu alivyopewa na Henry Toussaint wa chuo cha mifugo cha Toulouse, alichunguza kipindupindu cha kuku na kugundua kwamba vijidudu vilivyodhoofishwa huweza kumkinga ndege badala ya kumuua, na hivyo ikapatikana chanjo ya kwanza kutengenezwa katika maabara. Vijidudu hivyo vilipewa baadaye jina la Pasteurella kwa heshima yake, na ndivyo vinavyoishi pia katika vinywa vya paka wengi bila kuwadhuru. Hii ndiyo sababu ya hatari ya yale matundu madogo yaliyotajwa juu: jino la paka ni jembamba na lenye ncha, huvipanda vijidudu ndani kabisa ya nyama, tundu linajifunga, na kuku aliyeonekana amenusurika hufa baada ya siku moja au mbili kwa sumu iliyoenea katika damu. Zama za viuavijasumu zilipofika, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na dawa za jamii ya tetrasaiklini zikaanza kuuzwa katika maduka ya pembejeo, mfugaji wa kawaida alipata kwa mara ya kwanza silaha dhidi ya kifo cha namna hiyo, pamoja na dawa ya zambarau ijulikanayo kama GV, ambayo ilimfaa kuku kwa sababu mbili, kwamba iliua vijidudu na kwamba iliifunika rangi nyekundu ya jeraha.

Sababu hiyo ya pili si ndogo. Kuku huvutwa na rangi ya damu, na mwenzao akirudishwa bandani na kidonda kilicho wazi humdonoa palepale mpaka wammalize, hata kama ni watoto wa mama mmoja. Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwanasayansi wa Norwei aliyewatazama kuku tangu utotoni na kuandika tasnifu yake mwaka 1921, ndiye aliyeonyesha kwamba kila kundi la kuku lina mpangilio wa vyeo, ambamo kila mmoja anajua ni nani anaweza kumdonoa na ni nani lazima ampishe. Aliyetengwa kwa siku nyingi akiugua hurudi akiwa hana cheo, naye hupigwa kama mgeni, na kwa hiyo matunzo hayaishi kidonda kinapofunga.

Kwa mwanga huo tenga la uani linapata maana mpya. Sayansi ya ndege inasema kwamba kuku aliyeshambuliwa huweza kufa kwa mshtuko kabla ya kufa kwa jeraha. Kwamba joto la mwili wake, ambalo ni karibu nyuzi 41 hadi 42, hushuka upesi na linapaswa kulindwa. Kwamba giza humtuliza kwa sababu ndege huishi kwa macho. Na kwamba asibanwe kifua anaposhikwa, kwa kuwa hana kiwambo cha kupumulia kama cha binadamu, bali hupumua kwa kupandisha na kushusha kifua chote, na vifuko vyake vya hewa vimeenea mpaka chini ya mgongo, ambako ukucha wa mwewe unaweza kuvifikia. Inasema pia kwamba usaha wa ndege hautiririki, hukauka ukawa mgumu kama jibini, na kwa hiyo kidonda kilichofungwa kwa majivu kinaweza kuficha donge ambalo halitatoka mpaka linyanyuliwe. Jambo hilo la mwisho tiba ya uani haikulijua. Mengine karibu yote yalitimizwa na tenga lililofunikwa kwa kanga kuukuu na kuwekwa jikoni, karibu na jiko la kuni: lilikuwa na giza, lilikuwa na joto, lilimzuia nzi asitage juu ya jeraha mayai ya mabuu wanaokula nyama hai, na kwa kuwa lina matundu, kanga ilipofunuliwa kuku mgonjwa na wenzake waliendelea kuonana na kusikilizana, jambo linalopunguza ugomvi wa siku ya kurudi. Chombo kilekile cha kinga kilikuwa wodi, na inashangaza kwamba vitabu vya mafunzo ya ufugaji, vinavyopendekeza sanduku na taa ya umeme, havikitaji.

Tangu miaka ya 1990 chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia na kutengenezwa nchini Tanzania katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, imewawezesha wafugaji wa vijijini kuwakinga kuku wao kwa tone moja la jichoni, bila kuhitaji majokofu ya gharama kubwa. Pale ambapo mlipuko umezuiwa, kuku wengi zaidi wanaishi mpaka wafikiwe na mwewe, nguchiro na kunguru, na kwa hiyo jeraha la mmoja mmoja, ambalo zamani lilifunikwa na vifo vya kundi zima, limepanda tena katika hesabu ya hasara za nyumba. Wakati huohuo dawa yenyewe imeleta sharti lake. Kila kiuavijasumu kina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo nyama na mayai ya mnyama aliyetibiwa hayapaswi kuliwa mpaka mabaki ya dawa yatoke mwilini, na kwa hiyo sindano ikishachomwa njia ya kisu imefungwa: kuku huyo akizidiwa kesho, hata akiwahiwa akiwa na uhai thabiti, nyama yake, iliyo halali kwa sheria ya dini, haifai kwa sheria ya afya. Mwenye kuku wa zamani aliweza kujaribu mshubiri asubuhi na kubadili nia jioni. Wa leo analazimika kuchagua kabla ya kufungua kichupa, akiwa na kuku mkononi na mtoto mlangoni anayengoja kuambiwa kama amwite mchinjaji.